Karai la Bi Mkubwa: Samaki na mbatata Unguja, pweza Pemba

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja: samaki mzuri analiwa wapi? Likizo za skuli zimekaribia na watu wanapanga safari za visiwani. Nimekaa mbele ya karai la samaki miaka 22, Malindi ya Unguja, na mume wangu alikuwa mvuvi wa mshipi hadi miguu ilipomkataa. Nitajibu kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyala kwa mkono wangu.

*Assalaam aleikum Bi Mkubwa. Disemba nakuja Unguja kwa siku nne na mtoto wa dada yangu. Ana miaka 14, amezaliwa na kukulia Leicester, Uingereza. Kila tunapokwenda kula hapa Dodoma anaomba samaki na chipsi, na akiletewa hamalizi. Anasema chipsi zimelegea na samaki ana miba. Nimpeleke wapi Mji Mkongwe?* — Mama Mdogo, Dodoma

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Kwanza nakuomba usimkasirikie huyo mtoto. Samaki na chipsi kwao ni kama wali na mchuzi kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waligaiwa nyama, siagi na sukari kwa kadi, lakini samaki na chipsi serikali yao haikuvitia kwenye mgao. Ni chakula cha Ijumaa jioni, cha kununua ukiwa na babu yako, na kinafungwa kwenye karatasi. Anapoomba chakula hicho anaomba kitu cha nyumbani. Wewe ukiwa ugenini mwaka mzima nawe ungeota ugali wa mtama.

Sasa tutazame anachokitaka. Samaki wa kwao ni wa bahari ya baridi, nyama yake nyeupe, inameguka vipande vikubwa, na mifupa imeshatolewa. Anatumbukizwa kwenye rojo la unga wa ngano, bila viungo, anakaangwa mpaka ganda linakauka, kisha chumvi na siki juu yake. Sisi samaki tunamkaanga mzima, tunamchanja ubavuni, tunampaka thomu (vitunguu saumu), ndimu, pilipili na bizari ya manjano. Ni samaki wawili tofauti. Ukimwagizia tasi mzima, ambaye mimi mwenyewe nampenda kuliko samaki wote, mtoto ataona miba tu. Usimpe vibua pia. Mwagizie mnofu, na umtaje samaki kwa jina: kolekole, chewa au nguru. Chewa ndiye atakayemkumbusha kwao, kwa kuwa nyama yake ni nene na nyeupe.

Umechagua mwezi mzuri. Disemba pepo za kaskazi zimeshaingia, bahari imetulia, na vyombo vidogo vinatoka nje ya mwamba. Nguru, jodari na kolekole wanapatikana. Ungeniambia unakuja Julai, upepo wa kusi ukivuma, ningekwambia ule changu na pono wa ndani ya mwamba na usiwatafute wale wakubwa, maana utakayepewa huenda ametoka kwenye friza.

Ukiniuliza mkahawa gani, mimi huanza kukuuliza unakula saa ngapi. Wavuvi wa usiku wanafika diko la Malindi, pale vyombo vinaposhusha samaki, alfajiri, mnada unapigwa asubuhi, na wapishi wanaojali wanakuwa na samaki wao jikoni kabla ya saa tano. Kwa hiyo samaki wa Mji Mkongwe analiwa mchana, kati ya saa sita na nusu na saa nane. Wageni wengi wanamwagiza saa tatu usiku, wakati samaki huyo huyo ameshakaa zaidi ya saa kumi na tano tangu kutolewa majini, kisha wanaulaumu mji.

Siku ya kwanza mpeleke mkahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini penye mbuyu. Vyakula vimepangwa mbele yako, unanyoosha kidole, unapakuliwa. Hapo hatapata rojo la unga, lakini atamwona samaki kabla ya kumla, na mtoto akiona anakuwa na imani. Mwombee samaki wa kukaanga na wewe chukua pweza wa nazi, umwonjeshe kidogo bila kumlazimisha.

Siku ya pili teremkeni barabara ya Mizingani, upande wa bahari. Mikahawa ya huko imezoea wageni na samaki wa rojo wanampika. Ila kabla hujakaa muulize mhudumu: leo mna samaki gani? Akikujibu "samaki tu", ondoka. Akikutajia jina, muulize ameingia lini, na kama ni mbichi au wa barafu. Mwenye samaki wa asubuhi hujibu haraka, tena kwa fahari, wengine wanakwenda kumleta jikoni umtazame. Akija, tazama jicho. Liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limezama wala kuingia ukungu. Fungua mashavu uone wekundu wa damu, bonyeza nyama kwa kidole, na shimo lijae upesi. Samaki mbichi ananukia bahari. Akinuka samaki, ameshachelewa.

Chipsi nazo zina kisa chao. Huku tunaziita mbatata, ninyi viazi, na ni vile vile vinavyotoka Njombe na Mbeya, vinapanda boti kuja kwetu kwa magunia. Zinalegea kwa sababu zimekaangwa mara moja tu, kwenye mafuta ambayo hayajachemka, kisha zikafunikwa ndani ya kontena. Ule mvuke unazilowesha. Mimi nilikuwa nakaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, mpaka mbatata inaiva ndani bila kupata rangi. Naziepua, naziacha kwenye ungo zipoe na zikauke. Mteja akifika naongeza makaa, mafuta yakianza kutetemeka juu nazirudisha. Zinapiga kelele kama mvua juu ya bati. Kelele ikipungua maji yameisha, na hapo hapo naziepua. Ukisubiri zaidi zinakuwa kuni. Mwombe mpishi akukaangie papo hapo na asizifunike, na wewe uzile pale pale. Kuzibeba mpaka hotelini ndiko kunakoziua.

Na utazame karai. Mafuta mazuri unaona chini. Yakiwa meusi kama kahawa na yanatoa povu la kudumu, yameshachoka, na hata chewa wa alfajiri ndani yake atapata ladha ya jana.

Siku ya tatu, kama mtoto ameshazoea, fanya ninachowafanyia wageni wangu mwenyewe. Nendeni diko la Malindi saa moja asubuhi. Soko lile limejengwa upya kwa msaada wa Japani, sakafu inaoshwa, si tena kule kupita juu ya magamba tulikokulia. Simameni pembeni ya mnada, msiwazuie wachuuzi. Mnunulie kolekole wa kilo mbili kwa mchuuzi baada ya mnada kwisha, akupaie magamba na akutolee mnofu, ndimu na chumvi mnunue sokoni Darajani, kisha mtafute mkaangaji akukaangie kwa malipo. Mtoto aliyemchagua samaki wake mwenyewe haulizi miba.

Watu watakwambia usikose The Rock, ule mkahawa uliojengwa juu ya jiwe huko Michamvi Pingwe. Ni pazuri kwa macho. Maji yakitoka mnafika kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa boti. Ni mbali na mjini na bei zake ni za watalii, kwa hiyo weka nafasi mapema. Kwa siku nne na kijana wa chipsi, mimi nisingekwenda.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Mwaka jana nilikula Forodhani usiku. Niliumwa tumbo siku mbili na nilitozwa zaidi ya nilivyodhani. Kila mtu anapasifu. Nirudi au niache?* — Kijana wa Arusha

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mimi pia Forodhani ilinilaza kitandani, tena mwenye mji wake. Ilikuwa usiku wa saa nne, mgeni wangu alitaka pweza, nikaona haya kumkatalia. Kile kipande kilikuwa kimechemshwa mapema, kikapangwa mezani, kikapashwa moto juu ya makaa tulipofika. Nje cha moto, ndani cha baridi. Nilikijua kwa jino la kwanza na nikameza kwa adabu. Adabu ile niliilipa mpaka alfajiri. Meza ya yule kijana sitaitaja, alikuwa anatafuta riziki na sina hakika kama alielewa kosa lake.

Lakini usiache kurudi. Bustani ile tumeipenda tangu utotoni. Ilitengenezwa miaka ya 1930, na ukarabati mkubwa uliofanywa na taasisi ya Aga Khan ulikamilika 2009, ndipo ikapata taa, viti na nafasi ya meza kama unavyoiona. Jua likizama vijana wanapiga makachu kutoka ukutani, wanajitupa baharini kwa mitindo kila mmoja na wake, na moshi wa makaa unaanza kupanda. Hakuna jioni Unguja kama ile.

Fika mapema, meza zikiwa ndiyo kwanza zinapangwa, karibu na adhana ya magharibi. Chakula kilichotandazwa magharibi, kufikia saa nne usiku kimekaa saa tatu na nusu kwenye joto, chini ya taa, na nzi hawalali. Vile vijiti vya kamba, jodari na ngisi vilivyochorwa kwa rangi nzuri viangalie tu. Tafuta meza yenye samaki mzima mbichi, changu wa kutosha watu wawili, mwambie amweke juu ya makaa ukiwa umesimama hapo. Kaa mpaka aive. Ukimpasua karibu na mfupa, nyama iachie mfupa bila kuvutwa. Ikishikilia, arudi motoni.

Kuhusu pesa, muulize bei ya kitu kimoja kimoja kabla hakijagusa moto, halafu mrudie jumla kwa sauti: "Samaki huyu kiasi hiki, mhogo kiasi hiki, jumla kiasi hiki, sivyo?" Wakishaanza kukujazia sahani kwa ukarimu, hesabu inapotea, na ugomvi wa baada ya kula unaharibu chakula kizuri. Na kama huna hakika na samaki wa siku hiyo, kula urojo, ile supu yetu nzito ya Unguja, mhogo wa kuchoma na maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Utashiba na utaipata jioni yako.

*Bi Mkubwa, nimehamishiwa Chake Chake kufundisha sekondari. Natokea Iringa, samaki niliyemzoea ni wa maji baridi. Nianzie wapi? Na nimesikia Pemba watu wanakula kasa. Ni kweli, na ni salama?* — Mwalimu mgeni

Mwalimu, nianze na kasa, yule kobe wa baharini, maana hilo ni la uhai. Usile. Usionje, hata akikukaribisha mtu unayemheshimu. Machi 2024 katika Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine zaidi ya 70 wakapelekwa hospitali. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na huwezi kuijua kwa kutazama wala kwa kunusa. Nyama ya kasa inaweza kuliwa leo na isimdhuru mtu, kesho ikaua nyumba nzima, na watoto ndio wanaotangulia. Tena kasa analindwa kwa sheria. Utakuwa na wanafunzi wengi wa pwani mbele yako, wazungumzie jambo hili mapema. Sauti ya mwalimu inafika nyumbani.

Sasa kwenye kula. Chake Chake jioni, baada ya magharibi, utawaona wauza pweza wa kuchoma barabarani. Wanamkata vipande vidogo, unakula na pilipili na ndimu umesimama, huku watu wanaongea habari za mpira. Ni chakula cha watu wa mji, hakuna aliyekitengeneza kwa ajili ya mgeni, na kwa hilo mimi nakipenda kuliko Forodhani. Mwangalie muuzaji aliyezungukwa na watu. Pweza wake hakai.

Siku ya mapumziko panda gari uende Tumbe, kaskazini mashariki mwa kisiwa. Lile ndilo diko ninalolipenda Pemba. Fika asubuhi. Utaona samaki wanateremshwa kutoka vyomboni, mnada unapigwa juu ya mchanga, na baiskeli zinaondoka na matenga kuelekea vijijini. Kwa mtu aliyezoea samaki wa mto, anza na changu wa kupaka: anachomwa kwanza, halafu anapakwa tui zito la nazi lenye ukwaju, anarudishwa motoni mpaka tui linashika. Ukwaju unakata ule ukali wa bahari unaowashinda watu wa bara. Ukishamzoea huyo, kula tasi wa kukaanga, na baada ya tasi nadhani Iringa wataanza kukusubiri.

Jambo moja zaidi, litakusaidia usikasirike sokoni. Kisiwa Panza hicho hicho, na vijiji vingine vya Unguja na Pemba, wanafunga sehemu ya mwamba kwa muda, kawaida miezi mitatu, pweza wasiguswe. Pweza anakua upesi na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo miezi mitatu inatosha kumfanya aliyekuwa mdogo awe wa kujaza sufuria. Ukiambiwa "mwamba umefungwa", vumilia. Siku unapofunguliwa kijiji kizima kinashuka pwani, na wageni huenda kutazama.

*Tutakuwa Unguja wiki ya pili ya Ramadhani, na sisi ni Wakristo. Tutakula wapi mchana?* — Familia, Moshi

Hoteli mtakazolala zitawapikia, na ipo mikahawa ya wageni inayofungua mchana ndani, bila kuonekana kutoka njiani. Msile wala kunywa barabarani, hata maji. Mtoto mdogo hakuna atakayemsema. Jioni ndiyo neema yenu: mwezi huo visiwani ndio unaopikwa samaki kwa moyo. Mkikaribishwa futari msikatae, na msifike mikono mitupu, tende zinatosha.

*Bi Mkubwa, pweza wangu kila mara anakuwa mgumu kama mpira. Nimejaribu magadi, nimejaribu papai. Nakosea wapi?* — Mpishi wa Tanga

Umekosea kabla hajafika jikoni, mwanangu. Wanawake wanaochokoa pweza huku wanakwenda mwambani wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapotoka sana. Kwetu hutoka sana kama saa nne asubuhi. Akishamtoa shimoni, mchokoaji anampiga kwa mti au kwa kumbwaga juu ya jiwe, mara nyingi, huku anamgeuza, na anamsugua mpaka povu linatoka na mikono inajikunja. Mama mkwe wangu alikuwa anahesabu mapigo kwa kunong'ona, na hakuwa anaacha mpaka mkono wa pweza ulegee kidoleni pake kama uzi. Wa kwako huenda hakupigwa, au alipigwa kidogo kwa haraka ya kuuza.

Kama umemnunua hivyo, mtie kwenye friza usiku kucha halafu myeyushe. Barafu inafanya sehemu ya kazi ya lile jiwe. Kisha mweke sufuriani mtupu, bila maji na bila chumvi, ufunike, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu, ya kutosha. Mwache ajipike humo mpaka mti wa kiberiti uingie sehemu nene bila kusukumwa. Ndipo uongeze chumvi, thomu na ndimu, na tui la nazi liwe la mwisho, likichemka mara moja tu uepue. Magadi yaache, yanamtelezesha ngozi na kumwachia ladha ya sabuni.

Tanga na sisi ni bahari moja, bamvua lenu na letu ni siku zile zile. Mnunue mchana wa bamvua, muuzaji akiwa bado ana mchanga miguuni.